Mgeni Juu ya Mwembe

 Juma hili tumekusudia kusimulia kosa letu wenyewe, kisha tulifanye mlango wa kuingilia katika habari za jamaa moja ya mimea ambayo wengi wenu mnayo jikoni pasi na kuitambua.

Wanaotufuata katika safu hii wanakumbuka kwamba tuliwahi kukaa miezi kadhaa Kisian, tukisaidia kusomesha katika madrasa moja ndogo. Kisian iko magharibi ya mji wa Kisumu, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Upande mmoja pana vilima vya mawe, na upande wa pili pana Ziwa Viktoria. Mtu wa pwani akifika huko huyaona mawimbi, mashua na wavuvi, akadhani yuko kwao, mpaka aonje maji na kukuta hayana chumvi.

Katika uwanja wa madrasa ile palikuwa na mwembe mkongwe. Chini yake akina mama walikuwa wakihudhuria darsa kila Jumamosi baada ya Alasiri. Juu ya matawi yake yaliota mafungu matatu ya mmea wa ajabu. Ulikuwa na mashina manene ya rangi ya manjano mithili ya miwa midogo, na chini ya mashina hayo mizizi myeupe iliyosimama wima kama sindano. Mzee aliyekuwa akiutunza uwanja alituuliza kuhusu mmea huo. Alisema mwembe ulikuwa umepunguza kuzaa misimu miwili mfululizo, na kwamba majirani walikuwa wakiulaumu mmea ule kwa kuunyonya mti.

Hatukupanda juu kutazama, wala hatukumuuliza mtu. Tulijibu papo hapo, kwa sauti ya mwenye ilimu: "Hicho ni kimelea. Kitu kinachoishi kwa jasho la mwenzake hakifai kuachwa. Kikwanguliwe." Vijana wakapanda na panga. Mafungu mawili yakaanguka na kutupwa jaani. La tatu lilinusurika tu kwa kuwa adhana ya Magharibi iliingia.

Jumamosi iliyofuata, bibi mmoja miongoni mwa wanadarsa alichelewa kuingia mkekani. Ni mjane anayeuza miche na maua kando ya barabara, karibu na njia panda. Tulimwona akitoka upande wa jaa, mafungu yale mawili kifuani. Akayaweka mbele yetu kwa adabu, akasema, "Maalim, niwie radhi. Mmea huu haukuula mti."

Tukamwambia, "Mama, tumeona kwa macho yetu umeung'ang'ania mwembe."

Akajibu, "Umeung'ang'ania, Maalim, lakini haukuuingia. Tazama mizizi." Kisha akatuonyesha. Mizizi ile ilikuwa imetambaa juu ya gome kama vidole juu ya meza, na hapakuwa hata mmoja uliopenya ndani. Baadaye akamwagiza kijana apande hadi kileleni akate kitawi alichokinyooshea mkono. Kililetwa kitawi chenye majani mazito na maua mekundu membamba, yasiyokuwa ya mwembe. Tulipokipasua pale kilipoungana na tawi, tuliona mizizi yake imezama ndani ya mti, na mahali hapo pamevimba kama kifundo cha mguu uliotetereka. Huyo ndiye aliyekuwa akifyonza maji ya mwembe. Tulikuwa tumempiga mgeni na kumwacha mwizi.

Dini yetu inatuonya tusilifuate jambo tusilokuwa na ujuzi nalo, nasi tumelisomesha onyo hilo zaidi ya miaka ishirini. Siku ile tulilazimika kulisikia upya, mbele ya wanafunzi wetu, kutoka kwa mmoja wao. Tulikiri kosa papo hapo. Si vyepesi kwa mtu mwenye kilemba kusema "nimekosea", lakini ni vizito zaidi kubaki na kilemba juu ya neno la uongo.

Mmea ule ni okidi, na jina lake la kitaalamu ni Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoadoa ya hudhurungi, ndiyo maana wengine huiita okidi chui. Wasomaji wetu wa Kwale na Kilifi huenda wameiona mara nyingi juu ya miti mikubwa bila kuitilia maanani. Okidi za namna hii hukaa juu ya mti kama mpangaji mwema akaavyo katika ghorofa: anahitaji mahali tu, chakula anajitafutia. Mizizi yake hunyonya maji ya mvua na umande. Ile mizizi iliyosimama kama sindano hudaka majani makavu yanayoanguka, yakaoza humo yakawa mbolea yake.

Basi anayetaka kutofautisha mpangaji na mwizi atazame pale mmea unapoungana na mti. Ikiwa mizizi imelala juu ya gome, huyo ni mpangaji. Ikiwa imezama ndani na tawi limevimba, huyo ni mwizi, naye hukatwa pamoja na sehemu ya tawi aliloliingia.

Tangu siku ile tulianza kusoma na kuuliza, na kila tulilolijua lilituzidishia haya. Jamaa ya okidi ina aina zipatazo 28,000, nayo ni miongoni mwa jamaa mbili kubwa kuliko zote za mimea itoayo maua. Ziko katika kila bara isipokuwa lile la barafu la kusini. Katika Kenya yetu zimehesabiwa zaidi ya aina 250, na msitu wa Kakamega, usio mbali na Kisian, una makumi yake. Zipo ndogo ambazo ua lake halifiki ukubwa wa punje ya mchele. Ipo ya Asia ya kusini mashariki ambayo fungu lake moja laweza kufikia uzito wa tani moja na zaidi. Australia ipo inayochanua chini ya ardhi, nayo haikujulikana kwa wataalamu hadi mwaka 1928.

Mbegu ya okidi ni nyepesi kama vumbi, na ganda moja laweza kubeba mamia ya maelfu, pengine milioni na zaidi. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula kama ilivyo punje ya mahindi au kunde. Haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa aina maalumu atakayeilisha katika siku zake za mwanzo. Katika mbegu hizo zote huenda zikaota chache mno, na hizo nazo hungoja miaka kabla ya kutoa ua la kwanza. Ndiyo kusema kwamba fungu tulilolikwangua kwa dakika tano lilikuwa kazi ya miaka mingi.

Sasa na tuingie jikoni, maana tuliwaahidi. Vanila, au lavani kama wengine waiitavyo, ile inayonukia katika keki na aiskrimu, ni tunda la okidi. Ni mmea utambaao kama mtambuu, wenye asili ya Meksiko, na tunda lake ni ganda refu jembamba mithili ya ganda la kunde. Wafaransa waliupeleka kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, mwanzoni mwa karne ya 19. Ukastawi na kuchanua, lakini haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kwao wanaouchavusha hawakusafiri pamoja nao. Ua la vanila hufunguka siku moja tu, na lisipochavushwa siku hiyo huanguka.

Aliyekifungua kifundo hicho hakuwa tajiri wala mwanachuoni. Alikuwa mtoto mtumwa aitwaye Edmond, mwenye umri wa miaka 12. Mwaka 1841 alionyesha kwamba kwa kijiti chembamba mtu anaweza kuinua kile kiwambo kidogo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ya ua, kisha akazigusanisha kwa kidole gumba. Ni kazi ya nukta chache. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848 alipewa uhuru na jina la ukoo, Albius. Mashamba ya watu yaliyojaa kwa ujuzi wake yalitajirika, lakini yeye alifariki mwaka 1880 akiwa fukara. Hadi leo vanila ya Madagaska, inayoongoza duniani, na ile ya ndugu zetu wa Komoro, ya Unguja na ya Uganda, huchavushwa kwa mkono, ua kwa ua, kwa namna ya mtoto yule. Na mikono mingi inayofanya kazi hiyo ni ya wanawake.

Ganda likichumwa bichi halinukii. Baada ya kuchavushwa hukaa mtini miezi tisa hivi. Kisha hutiwa katika maji ya moto, likafunikwa litoke jasho, likaanikwa na kufunikwa tena siku nyingi, mpaka ligeuke jeusi na kutoa harufu. Ndiyo maana vanila ya kweli ni ghali. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila ilipita bei ya kilo ya fedha. Wizi wa maganda mabichi ukazidi, na kule Uganda serikali huwatangazia wakulima tarehe ya kuanza kuvuna ili wasichume kabla ya wakati kwa kuwahofia wezi.

Hapa tunajua swali mlilo nalo, kwa sababu tumeulizwa mara nyingi. Je, vichupa vya dukani vina nini? Vingi vya bei nafuu havina okidi ndani yake. Vina vanilini, yaani kiungo cha harufu kilichotengenezwa kiwandani, kilichoyeyushwa katika maji au kimiminika kingine. Ile vanila halisi ya maji kwa kawaida hukamuliwa kwa pombe. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inataka isipungue asilimia 35 ya pombe. Wanazuoni wametofautiana juu ya kiasi kidogo kinachopotea ndani ya chakula, nasi baada ya yale ya mwembe hatutathubutu kukata shauri hilo kwa mistari miwili ya gazeti. Kila mtu na amuulize mwalimu wake. Tunachowashauri ni kusoma karatasi ya chupa kabla ya kununua, na kujua kwamba ipo njia isiyokuwa na shaka. Chukua ganda moja la vanila, lipasue, lizike ndani ya kopo la sukari lenye kifuniko, uliache wiki mbili au tatu. Sukari yote itanukia, nawe utaitumia katika maandazi, keki au chai.

Wale wanaojua Kiarabu huenda wamewahi kusikia habari za sahlabu, kinywaji kizito cha maziwa kinyweshwacho wakati wa baridi katika nchi za Sham, Misri na Uturuki. Asili yake ni unga wa viazi vya okidi za ardhini, vilivyochemshwa, vikakaushwa na kusagwa. Kupata kilo moja ya unga huo huhitajika viazi elfu moja na zaidi, na kila kiazi ni roho ya mmea mmoja. Uturuki imepiga marufuku kuviuza nje ya nchi, na sahlabu nyingi ya pakiti siku hizi ni wanga wa mahindi uliotiwa harufu.

Karibu zaidi nasi, nchini Zambia hupikwa chakula kiitwacho chikanda, cha unga wa viazi vya okidi pamoja na karanga zilizosagwa, kikakazwa na kukatwa vipande kama keki. Viazi vya huko vilipopungua, wachuuzi walivuka mpaka kuja Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiriwa kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilikuwa vikitoka huko kila mwaka. Mwaka 2005 Tanzania ilitangaza Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake.

Yako na matumizi mengine. Wachina hunywa dawa ya mashina ya okidi tangu karne nyingi. Mafundi wa kale wa Meksiko walipata gundi kwayo, wakabandikia manyoya ya ndege katika mapambo yao. Visiwani Pasifiki husuka vikuku kwa maganda ya mashina yake. Na kusini mwa Afrika wapo waliofukiza mizizi ya okidi chui, ileile ya mwembe wetu, ili kufukuza ndoto mbaya. Mwenye ndoto mbaya anazo dua zake, na okidi anaweza kuiachia mti.

Lakini hadithi ya mwembe haikuishia hapo. Bibi yule aliyarudisha mafungu mawili mtini, akayafunga kwa kamba ya katani. Baada ya wiki chache akapita mtu mwenye gari, akayaona, akamwambia angemlipa shilingi 1,500 kwa yote matatu, na kwamba angechukua mengine popote atakapoyapata. Bibi yule alikuwa na binti wa kidato cha pili aliyerudishwa nyumbani kwa karo. Alikuja kutuuliza kabla ya kupokea fedha: "Maalim, ni halali yangu? Mimi ndiye niliyeyaokota jaani."

Safari hii tulisema, "Mama, hatujui. Tupe siku tatu." Tukampigia simu mzee wetu aliyetusomesha Mombasa. Akatuuliza uwanja ni wa nani. Tukasema ni wakfu. Akasema basi kinachoota juu ya mti wa wakfu ni mali ya wakfu, na kukosea kwenu kukitupa hakukukitoa katika wakfu. Tukamuuliza pia ofisa mmoja wa misitu. Akatueleza kwamba okidi zimo katika mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama pori, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali, na kwamba okidi chui imepungua katika sehemu nyingi kwa sababu ya wachuuzi wa namna hii hii.

Kulipeleka jibu hilo kulikuwa kuzito kuliko kukiri kosa. Ni rahisi kumwambia mtu kwamba mmea una haki, na binti yake yuko nyumbani hasomi. Tulimwambia bibi yule kwamba hawezi kuyauza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimesikia, Maalim." Hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi.

Ndipo akina mama wa darsa walipofanya ambalo sisi hatukulifikiria. Walichanga walichokuwa nacho, kikafika nusu ya karo. Wakaiomba kamati ya madrasa impangishe bibi yule pembe ya uwanja iliyokuwa tupu, kwa kodi ndogo iingiayo katika wakfu, apandishe humo miche ya miembe na miparachichi. Kamati ikakubali. Binti alirudi shuleni akiwa amekosa wiki nne, na wiki hizo hazikurudi. Lakini miche ile sasa huuzwa, wala hakuna aliyekula kisicho chake.

Sisi tulirejea pwani kabla ya msimu. Mwaka uliofuata, baada ya mvua, bibi yule alitutumia picha kwa simu. Fungu moja kati ya yale mawili yaliyotupwa lilikuwa limekauka. La pili lilikuwa limetoa shada la maua ya manjano yenye madoadoa. Chini ya picha aliandika maneno machache: mwembe nao umezaa, tulipoukata yule wa juu.

Wasomaji wetu, wengi kati yenu mna miti katika nyua zenu, na katika nyumba zenu mna jamaa na majirani ambao tayari mmeshawahukumu kuwa ni wanyonyaji. Kabla hamjaagiza panga, tazameni mizizi imeingia wapi, na kama hamjui kutazama, mwulizeni anayejua, hata akiwa ameketi mkekani mwenu kama mwanafunzi. Mwenyezi Mungu atujaalie ilimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyoyasema bila ya ilimu. Amin.